Neno moja lililoachwa kwenye waranti ya kifungo

Mdogo wangu aliiba. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi wanaponisikia nikieleza habari za makosa ya makarani hudhani ninataka kusema kwamba alisingiziwa, na mimi sina dai hilo. Usiku mmoja wa Machi 2019, yeye na mwenzake walivunja maduka mawili yaliyopakana katika mtaa wetu hapa Mombasa, wakachukua simu na fedha taslimu, na Jumatatu ya tarehe 11 akakamatwa nyumbani kwetu, baadhi ya simu hizo zikiwa chini ya kitanda ambacho mama alikuwa amekitandika asubuhi hiyo hiyo. Alistahili kuadhibiwa. Ninachosimulia hapa ni jinsi adhabu aliyopewa na hakimu ilivyogeuka, kati ya chumba cha mahakama na lango la gereza, ikawa adhabu nyingine ambayo hakuna hakimu aliyeitoa, na gharama tuliyolipa kuirudisha ilivyokuwa.

Mimi ni mtunza hesabu katika duka la jumla. Kazi yangu ya kila siku ni kunakili tarakimu kutoka karatasi moja hadi nyingine, na ninajua jinsi mkono unavyoteleza saa kumi na moja jioni wakati lori la mwisho linasubiri stakabadhi. Kwa hiyo sikuwahi, hata siku za hasira kali, kumchukia karani aliyekosea. Ila mimi kila mwisho wa mwezi hulinganisha vitabu vyangu na taarifa ya benki, na shilingi iliyopotea hujitokeza yenyewe. Katika safari ya mfungwa kutoka kizimbani hadi gerezani sikuona mahali ambapo mtu hukaa na karatasi mbili mbele yake akazilinganisha.

Mdogo wangu alipewa dhamana lakini hatukuwa na hati ya kiwanja wala mtu wa kutuwekea yake, basi akabaki rumande. Kesi ilikwenda kwa mwendo wa kobe mwaka mzima, na ilipobaki mashahidi wawili tu korona ikaingia. Machi 2020 mahakama nchini Kenya zilipunguza shughuli zake, ziara za magerezani zikasimamishwa, na kwa miezi kadhaa tukawa hatujui lolote isipokuwa kwamba yu hai. Hukumu ilisomwa Jumatatu tarehe 2 Novemba 2020, kwa video, hakimu akiwa mahakamani na mdogo wangu akiwa katika chumba kimoja cha gereza pamoja na mahabusu wengine waliosubiri zamu zao. Nilisikiliza kwa simu, nimesimama nyuma ya magunia ya sukari stoo. Sauti ilikuwa na mwangwi. Hakimu alisoma kwa Kiingereza na karani akafasiri: shtaka la kwanza miaka mitatu, shtaka la pili miaka miwili, vifungo vyote viwili vitumikiwe kwa pamoja, na muda aliokaa rumande tangu alipokamatwa uhesabiwe.

Nilipiga hesabu palepale nyuma ya risiti. Vifungo vikienda pamoja, kile kirefu hukimeza kile kifupi, kwa hiyo ni miaka mitatu. Ikihesabiwa tangu 11 Machi 2019, inaisha 10 Machi 2022. Sheria ya Magereza inampa mfungwa wa makosa kama yake nafasi ya kupunguziwa theluthi moja ya kifungo kwa bidii na mwenendo mwema, kwa hiyo akitulia atatoka Machi 2021. Nilimwambia mama: miezi minne. Mama akatoa shati lake la buluu kabatini, akalifua na kulipiga pasi, na kuanzia hapo akawa analifua kila Jumamosi ingawa hakuna aliyelivaa.

Kosa letu la kwanza tulilifanya siku hiyo hiyo, nalo ni kuridhika. Tuliona hukumu ni ya haki, hatukuwa na nia ya kukata rufaa, tukazima simu na kurudi kazini. Hatukuomba nakala ya hukumu. Mimi ninayeweka risiti ya shilingi hamsini kwa miaka saba sikuwa na hata namba ya kesi ya mdogo wangu. Ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya inampa mshtakiwa haki ya kupata nakala ya kumbukumbu za kesi yake kwa ada ya wastani ndani ya muda unaofaa baada ya kesi kumalizika, na haki hiyo haiwahusu tu wale wanaokata rufaa. Kama ungeniuliza leo jambo moja la kumwambia mtu ambaye ndugu yake anahukumiwa kesho, ningemwambia: andika namba ya kesi kwenye karatasi, si kwenye simu, na uombe nakala ya uamuzi wa adhabu wiki hiyo hiyo hata kama umefurahi.

Januari 2021 alipiga simu kwa zamu yake ya gerezani. Baada ya salamu akasema, "Dada, hapa wananiandikia 2024." Nilidhani amepigana na mtu akapoteza msamaha wa theluthi. Nikamgombeza kabla hata hajamaliza kueleza, na dakika zake zikaisha nikiwa bado ninamgombeza. Kwa hilo nilimwomba radhi baadaye, na bado huniuma.

Wiki iliyofuata niliomba ruhusa kazini nikaenda gerezani. Askari wa ofisi ya kumbukumbu alikuwa mtu mzima mwenye miwani, mpole kuliko nilivyotarajia. Alifungua jalada, akaigeuza waranti ya kifungo upande wangu nikaisoma. Ni fomu ya ukurasa mmoja ambayo mahakama hulipelekea gereza, kulieleza mfungwa amepewa adhabu gani. Jina lake lilikuwa sahihi, vifungu vya sheria sahihi, tarehe 2 Novemba 2020 sahihi, muhuri upo. Mahali pa adhabu paliandikwa miaka mitatu kwa shtaka la kwanza na miaka miwili kwa shtaka la pili. Basi. Hapakuwa na neno juu ya vifungo kwenda pamoja, wala neno juu ya rumande.

Afande akanieleza jambo ambalo ni watu wachache sana nje ya mahakama wanalijua, na ambalo ndilo kiini cha mkasa wetu wote. Katika sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai, mtu akipewa vifungo zaidi ya kimoja, vifungo hivyo hufuatana, kimoja kinaanza kingine kikiisha, isipokuwa mahakama iagize kwamba viende pamoja. Waranti ikinyamaza, ukimya wake unasomwa kuwa ni kufuatana. Vivyo hivyo kifungo huanza siku kilipotamkwa isipokuwa ielezwe vinginevyo. Kwa karatasi ile, mdogo wangu alikuwa na miaka mitano kuanzia 2 Novemba 2020. Ukitoa theluthi, inabaki miaka mitatu na miezi minne, ambayo inafika mwanzoni mwa Machi 2024. Gereza lilikuwa limepiga hesabu yake sawasawa kabisa, senti kwa senti. Miaka mitatu ya maisha ya mtu ilikuwa imetokana na mstari mmoja ambao haukunakiliwa.

Nilimwambia nilisikia hukumu kwa masikio yangu. Akavua miwani akasema, "Dada, nakuamini. Lakini nikimtoa mtu kwa sababu dada yake alisikia, kesho nitafungwa mimi." Nilikasirika wakati ule. Sasa naona alisema kweli, na kwamba nisingependa gereza linalofungua watu kwa maneno, kwa kuwa hilohilo lingeweza pia kuwafunga kwa maneno. Gereza halisomi hukumu. Linasoma waranti, na haliwezi kubadili herufi moja juu yake. Yeyote anayekwenda kupiga kelele kwenye lango la gereza kwa kosa la namna hii anapoteza nauli, kama nilivyopoteza mimi mara mbili zaidi kabla ya kuelewa. Mlango ni mahakama iliyotoa waranti.

Yaliyofuata mwezi wa Februari ningependa kuyaruka, lakini nimeahidi kusema kweli. Nje ya mahakama kulikuwa na kijana mmoja aliyevaa vizuri, mwenye bahasha nyingi kwapani, aliyesema anajuana na makarani wote na kwamba jambo letu ni la siku tatu. Nilimpa shilingi 8,000, nusu yake nikiwa nimekopa kwenye chama. Simu yake iliita siku mbili, ya tatu ikawa haipatikani. Kisha nikaandika barua ya kurasa sita, nikaituma kwenye ofisi tano tofauti, nikieleza umaskini wetu, presha ya mama, ukatili wa dunia, na mahali fulani kwenye ukurasa wa nne nikataja kwamba waranti hailingani na hukumu. Hakuna aliyejibu. Nikiwa mtu wa makaratasi ningepaswa kujua: karani mwenye rundo la barua mezani husoma aya ya kwanza, na aya yangu ya kwanza ilikuwa ya kulia. Barua iliyofanya kazi baadaye ilikuwa na mistari kumi na mmoja. Ilitaja namba ya kesi, jina la mfungwa na namba yake ya gereza, tarehe ya hukumu, maneno ya hukumu kama yalivyo kwenye kumbukumbu, maneno ya waranti kama yalivyo, na ombi moja.

Kosa lililokaribia kutuumiza zaidi ya yote lilitoka kwa wenzake wa gerezani, waliomshauri kwa nia njema akate rufaa nje ya muda. Muda wa kukata rufaa kutoka mahakama ya hakimu kwenda Mahakama Kuu ni siku 14, nao ulikuwa umepita zamani, ila mtu anaweza kuomba uongezwe. Alikuwa ameshajaziwa fomu. Bahati yetu ni kwamba wiki hiyo gereza lilipokea mawakili wa kujitolea kwa njia ya simu, na mmoja wao, mama mwenye sauti ya ualimu, alimwuliza swali moja: "Unalalamikia uamuzi wa hakimu, au unalalamikia karatasi iliyoandikwa baada ya uamuzi?" Mdogo wangu akasema hukumu haina shida. "Basi usiikatie rufaa."

Tofauti hiyo ninaieleza polepole kwa sababu ilinichukua muda kuikubali. Kama hakimu mwenyewe angesahau kuzungumzia muda wa rumande, kosa lingekuwa ndani ya adhabu. Kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinasema kwamba adhabu izingatie muda ambao mtu alikuwa kizuizini kabla ya kuhukumiwa, na Mahakama ya Rufaa ilieleza mwaka 2018, katika rufaa ya Ahamad Abolfathi Mohammed na mwenzake, kwamba haitoshi mahakama kutamka tu kuwa imezingatia muda huo huku ikiamuru kifungo kianzie siku ya hukumu. Sharti kifungo kipungue kwa kadiri ya muda uliokwisha kutumikiwa. Kosa la aina hiyo hupelekwa Mahakama Kuu, ama kwa rufaa au kwa kuiomba iitishe jalada na kulipitia, kwa kuwa kifungu cha 362 kinaipa mamlaka ya kukagua kama adhabu ya mahakama ya chini ni sahihi na halali. Lakini hakimu wetu hakusahau. Aliyesahau ni aliyenakili. Na rufaa ina hatari ambayo wafungwa wengi hawaambiwi: Mahakama Kuu inapopokea rufaa dhidi ya adhabu inaweza kuipunguza, na inaweza pia kuiongeza. Mdogo wangu angekuwa anapeleka adhabu nyepesi na ya haki ikapimwe upya, kwa sababu tu ilinakiliwa vibaya.

Kazi ikawa moja: kupata maandishi ya hakimu. Namba ya kesi niliipata kwenye fomu ya zamani ya dhamana iliyokuwa ndani ya kopo la biskuti la mama, pamoja na kadi za kliniki. Masjala wakatafuta jalada wiki mbili bila kuliona. Nilikuwa nakwenda saa mbili asubuhi, nasubiri hadi saa nne, nakimbia kazini, na siku hizo zilikatwa kwenye mshahara. Mwishowe karani mmoja kijana akauliza kama kulikuwa na mshtakiwa wa pili. Nikamwambia ndiyo. Akasema kwa nini sikusema tangu mwanzo: yule mwenzake alikuwa amekata rufaa, kwa hiyo jalada zima lilikuwa kwa wapiga chapa likiandaliwa kwenda Mahakama Kuu. Wiki mbili zilipotea kwa sababu niliuliza habari za mdogo wangu peke yake.

Nilipowekewa jalada mbele yangu, niliruhusiwa kuangalia nikiwa nimesimama kaunta. Mwandiko wa hakimu ulikuwa wa kuegemea kulia, wino wa buluu, na kwenye ukurasa wa adhabu mistari ilikuwa imebanana kwa sababu karatasi ilikuwa inaisha. Miaka mitatu na miaka miwili ilisomeka vizuri. Mwisho wa mstari, pembeni kabisa ambako karatasi ilikuwa imetobolewa kwa uzi wa jalada, kulikuwa na neno la Kiingereza la kwenda pamoja lililokatwa nusu: "conc." Nukta yake ilikuwa karibu na tundu la uzi. Mstari uliofuata, juu ya ukurasa wa pili, ulitaja kifungu cha 333(2) na tarehe 11/3/19. Aliyejaza waranti alisoma ukurasa wa kwanza hadi kwenye tarakimu, hakuona herufi nne zilizojificha kwenye tundu, na hakufunua ukurasa wa pili. Fomu yenyewe haina nafasi ya kumkumbusha. Ina mstari mtupu wa adhabu, na mtu huandika anachoona. Nilikaa nikiitazama nukta ile mpaka karani akaniuliza kama nimemaliza.

Nililipa ada ya nakala, zikapigwa muhuri wa kuthibitishwa, na hapo ndipo barua ya mistari kumi na mmoja ilipoandikwa kwa hakimu msimamizi wa mahakama, ikiwa na nakala ya ukurasa ule na nakala ya waranti. Wakili yule wa kujitolea aliisahihisha kwa simu bila malipo. Ilikuwa tayari Mei. Tarehe 10 Machi 2021, siku aliyopaswa kutoka kwa msamaha wa theluthi, ilikuwa imepita, na kuanzia siku hiyo kila asubuhi niliyoamka niliihesabu kwa namna ya pekee, kwa maana mdogo wangu hakuwa tena anatumikia adhabu ya mtu yeyote. Adhabu ni kitu ambacho mtu aliyeapishwa amekaa akakipima: kosa, hasara ya mwenye duka, umri wa kijana, muda aliokwisha kukaa ndani. Siku zile hazikupimwa na mtu. Mwenye mojawapo ya maduka yaliyovunjwa, ambaye bado ni jirani yetu na ambaye mama humsalimia kwa aibu hadi leo, aliponiuliza kwa nini kijana hajarudi nikamweleza, alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama kuna mahali anapoweza kutia sahihi. Hapakuwa na mahali, lakini sikusahau.

Katika kusubiri huko nilisoma kwenye simu habari za mwanamume mmoja wa jimbo la Missouri, Marekani. Mwaka 2000 alihukumiwa kifungo cha miaka 13 kwa wizi wa kutumia silaha, na kwa kosa la makarani hakuitwa kwenda gerezani. Hakujificha, alioa, akalea watoto, akafungua biashara. Kosa likaja kugunduliwa mwaka 2013, wakati idara ya magereza ilipokuwa ikijiandaa kumwachilia mtu ambaye haikuwahi kuwa naye. Wakaenda wakamkamata. Mei 2014 hakimu akaamuru ahesabiwe siku 4,794, zote alizoishi nje, kuwa ni kifungo alichokwisha kutumikia, akarudi nyumbani siku hiyo. Kesi hiyo watu waliijadili sana, wengine wakiuliza haki ya aliyeibiwa iko wapi, na ni swali la kweli. Mimi niliisoma kwa wivu. Yule alihesabiwa siku za uhuru wake kana kwamba alikuwa ndani, na wetu alikuwa ndani kwelikweli, akilala kwenye sakafu ya rumande mwaka mmoja na miezi saba, na siku hizo karatasi iliziona kuwa si kitu. Nadhani makosa ya aina hizi mbili hayagunduliwi kwa njia moja. Mtu aliyeachwa nje kimakosa ana serikali nzima inayoweza kumfuata siku ikikumbuka, ilhali aliyezidishiwa siku ndani ana dada mwenye ruhusa ya asubuhi tu.

Shauri lenyewe lilisikilizwa Alhamisi tarehe 17 Juni na halikufika dakika kumi. Hakimu wa awali alikuwa amehamishwa. Mpya aliyesoma barua yetu aliomba jalada la asili, akatazama ukurasa, akamwuliza kiongozi wa mashtaka kama ana pingamizi, akaambiwa hana. Akasema habadilishi adhabu, kwa sababu hana mamlaka hayo, bali anaamuru waranti isome kama hukumu inavyosoma. Miezi mitano ya kuhangaika, dakika kumi za kusahihisha. Wapo watakaosema hilo linaonyesha mfumo unafanya kazi. Mimi naona mtu asiye na ndugu mjini, au asiyejua kwamba alisomewa "kwa pamoja" kwa sababu mwangwi wa video ulimmeza mkalimani, angekaa hadi 2024 na kutoka akiamini alitumikia hukumu yake.

Kabla waranti mpya haijaondoka niliomba niisome. Karani akakunja uso kidogo, akanipa. Niliifuata kwa kidole neno kwa neno, mbele ya watu, nikailinganisha na nakala yangu, nikamshukuru. Nashauri kila mtu afanye hivyo na avumilie kuonekana msumbufu. Nashauri pia uulize ni nani anaipeleka gerezani na lini, kwa sababu mimi sikuuliza, na karatasi ilikaa kwenye trei kuanzia Alhamisi mchana hadi Jumatatu asubuhi ikingoja gari. Siku hizo tatu na nusu ni zangu, siwezi kumlaumu mwingine.

Jumla ya fedha ilikuwa shilingi 31,400, ukijumlisha ile 8,000 iliyoliwa na kijana wa bahasha, nauli, nakala, na siku nilizokatwa mshahara. Wakili alituambia kwamba mtu aliyezuiliwa bila amri halali anaweza kupeleka madai Mahakama Kuu chini ya Katiba, na kwamba siku 103, tangu 10 Machi hadi alipotoka, si jambo dogo. Mdogo wangu alikataa. Alisema hataki jina lake lisomwe tena katika chumba chochote. Mimi ningependa angekubali, si kwa ajili ya fedha, ila ili mtu mmoja mahali fulani alazimike kuandika siku hizo 103 kwenye karatasi na kuzipa jina. Lakini siku ni zake, hazikuwa zangu.

Jumatatu hiyo ya tarehe 21 Juni tulikuwa langoni tangu saa mbili, mama akiwa na shati la buluu kwenye mfuko wa karatasi ili lisikunjike. Alitoka saa nane na nusu, amekonda, ameshika cheti cha kuachiliwa mkononi, akampa mama mkono kwanza kisha akamkumbatia. Mama alitaka tuondoke mara moja. Mimi nikaomba cheti nikisome. Jina sahihi, namba sahihi. Tarehe ya kuhukumiwa ilikuwa imeandikwa 2 Novemba 2021, siku ambayo ilikuwa haijafika bado.

Nilirudi dirishani. Mdogo wangu akaketi juu ya jiwe nje ya lango, shati la buluu mwilini, akasubiri dakika arobaini bila kusema neno hadi waliponirudishia.